Skii Moja kwa Mlima Mzima

Skii pana kuliko zote zilizotundikwa katika karakana yetu ina milimita 122 chini ya kiatu. Ile iliyotolewa kwenye barafu ya Digervarden, huko Norway, ina milimita 170. Ilikaa humo miaka ipatayo 1,300, mpaka joto la zama zetu lilipoanza kuila barafu: ya kwanza ya jozi hiyo ilionekana mwaka 2014, ya pili mwaka 2021, hatua chache tu kutoka pale mwenzake alipookotwa. Hii ya pili ina urefu wa sentimita 187, na huo ndio urefu ambao mwanamume mrefu angeuziwa leo. Mguu ulishikwa kwa fito za betula zilizosokotwa, ukanda wa ngozi na kigingi cha mti. Nilipoona picha zake, umri haukunishughulisha sana. Kilichonivuta ni kwamba ubao umechakaa, ukakarabatiwa, ukachakaa tena. Nahisi mwenyewe hakuwa na nyingine.

Mimi ni fundi wa skii kaskazini mwa Vermont, Marekani. Baba yangu alikuwa seremala Marangu, kwa hiyo randa na patasi nilizijua kabla sijajua kusoma. Theluji niliijua kwa macho tu, ikiwa kule juu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mambo ya watalii na wapagazi. Kazi yangu sasa ni kunoa makali, kuziba mikwaruzo ya chini kwa plastiki iliyoyeyushwa, kupaka nta, na kila inapofika Oktoba, kujibu swali lilelile: nichukue skii ipi, moja tu, itakayonifaa kwa kila kitu?

Hicho "kila kitu" huku kwetu si maneno ya biashara. Dhoruba ya Atlantiki inashusha theluji nzito yenye maji. Usiku baridi ya Kanada inaigandisha. Kesho yake saa nne asubuhi mteremko unalia chini ya skii kwa ugumu wake, saa nane mchana umelegea, na ndani ya msitu, ambako upepo na mashine havifiki, bado kuna theluji laini ya juzi. Mtu anapita katika hizo zote kwa siku moja, pengine kwa mshuko mmoja. Anataka ubao utakaouma kwenye barafu, utakaoelea kwenye theluji laini, na utakaogeuka upesi kabla mti haujamfikia.

Wateja wengi wanadhani skii ya namna hiyo ni uvumbuzi wa juzijuzi. Mimi naona ni kinyume. Skii ya mlima mzima ndiyo ya kale. Mgeni ni ile ya kazi moja, ndefu na nyembamba, iliyozaliwa pale watu walipoanza kuusawazisha mlima. Na kilichoirudisha ile ya kale ni msitu.

Morgedal ni bonde dogo katika mkoa wa Telemark, Norway. Sondre Norheim alizaliwa huko mwaka 1825, mtoto wa watu wasio na ardhi, walioishi kwenye kiwanja cha mwenye shamba. Katika zama zake skii ilifungwa kwa kitanzi cha mbele tu, kwenye vidole. Ilifaa kwa kwenda moja kwa moja; ukiruka, au ukipinda ghafla, mguu unakwenda huku na ubao kule. Norheim alisokota fito na kuzizungusha nyuma ya kisigino, hivyo mguu na ubao vikawa kitu kimoja hata hewani. Na ubao wenyewe aliuchonga uwe mwembamba kiunoni kuliko puani na mkiani. Sidhani kama alikuwa wa kwanza kabisa kufanya hivyo, maana mafundi wa bonde moja huigana, lakini ndiye aliyeonyesha unachoweza kufanya kwa kiuno hicho.

Hapa niseme kidogo kiufundi, kwani bila jambo hili yanayofuata hayatashikika. Ilaze skii ubavu kwenye theluji. Kwa sababu ya kiuno, pua na mkia vinagusa kwanza na katikati panabaki na uwazi. Uzito wako unapokandamiza hapo katikati, ubao unajipinda kuwa upinde, na upinde huo unafuata njia yake wenyewe. Hukuigeuza skii, umeilaza tu, ikageuka. Kadiri kiuno kinavyochongwa kwa kina, ndivyo kona inavyokuwa fupi. Mambo yote mengine, alumini, faiba, plastiki, yamekuja kulitumikia jambo hili au kulisahau.

Mwaka 1868 Norheim, akiwa na miaka 42, alikwenda mashindanoni Christiania, mji unaoitwa Oslo sasa. Ni umbali wa karibu kilomita 200, naye aliukata kwa skii, kisha akawashinda vijana wa mjini. Kule kwao hapakuwa na mteremko uliotengwa kwa mchezo. Palikuwa na uzio, mawe, mapaa ya mabanda, vichaka vya betula, na theluji kama ilivyoshuka. Kiuno cha skii yake kilitoka hapo. Mwaka 1884 alihamia Marekani na hatimaye akafika Dakota Kaskazini, nchi tambarare ya ngano, akafa huko mwaka 1897. Wanorway hawakumsahau: mwenge wa Olimpiki ya Oslo ya 1952 uliwashwa Morgedal, katika jiko la nyumba aliyozaliwa.

Karibu na wakati huo wa Norheim kuhama, mti wa Marekani ulikuwa unasafiri kuelekea kwao. Hikori ni mgumu, mzito, una nyuzi ndefu, na hauvunjiki upesi. Seremala wa Norway aliyekuwa na betula na msonobari tu alilazimika kuacha ubao mnene ili usikatike; alipopata hikori aliweza kuupiga randa mpaka ukawa mwembamba. Nimewahi kukarabati skii ya hikori ya mtu aliyeirithi kwa babu yake. Tupa inateleza juu yake, na patasi inataka kunolewa kila mara. Baba yangu angeufananisha na mpingo, na asingekosea sana.

Austria ndiko skii ilikokutana na milima mikali. Mathias Zdarsky, aliyekuwa akiishi Lilienfeld, alivutiwa na habari za Fridtjof Nansen kuvuka Greenland kwa skii mwaka 1888, akaagiza jozi kutoka Norway. Zilikuja ndefu mno kwa miteremko yake. Akazifupisha, akaunda kifungio cha chuma kilichoshika kisigino kisiyumbe, akaandika kitabu cha mafunzo mwaka 1896, na mwaka 1905 akaandaa mashindano ya kupita katikati ya milango iliyosimikwa kwenye mlima wa Muckenkogel. Kilichomlazimisha kufupisha ni ukali wa mlima, na kila mtu aliyewahi kushuka mahali pembamba akiwa na ubao mrefu anaelewa kwa nini. Kisha Rudolf Lettner wa Salzburg akapata hataza mwaka 1926 kwa makali ya chuma: vipande vifupi vilivyokazwa kwa skrubu pembezoni mwa mbao, vifupi ili ubao uendelee kujipinda. Kabla ya hapo, kwenye barafu, pembe ya mti ilikuwa inaliwa na mlima ndani ya msimu mmoja.

Nitoke njiani kidogo. Shuleni Marangu tulifundishwa habari za Hans Meyer aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889, na za Yohani Kinyala Lauwo, mtu wa kwetu anayesemwa kuwa alimwongoza. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na skii na kuzitumia kushuka. Mojawapo ya barafu zilizobaki pale juu, inayozidi kupungua kila mwaka, inaitwa kwa jina la huyo Furtwängler, ndugu wa Wilhelm Furtwängler aliyekuwa kiongozi mashuhuri wa okestra. Nilikuja kuyasoma haya Vermont, nikiwa na nta mikononi. Nilicheka peke yangu. Kumbe chombo ninachokinoa kila siku kilikuwa kimefika kwetu kabla babu yangu hajaoa.

Vermont nayo ni nchi ya misitu. Mlima wake mrefu kuliko yote, Mansfield, una mita 1,340 hivi, na karibu wote umevikwa miti. Mtu wa kwanza kuandikwa kwamba aliushuka kwa skii ni Nathaniel Goodrich, mkutubi wa chuo cha Dartmouth, mwezi Februari 1914, naye alipita kwenye barabara ya magari ya farasi kwa kuwa hapakuwa na uwazi mwingine. Mwaka 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ya Rais Roosevelt iliwaajiri vijana wasio na kazi katika kikosi cha kuhifadhi mazingira. Charlie Lord akawaongoza hapo Mansfield kukata njia za skii kwa shoka na misumeno. Njia ya kwanza, iitwayo Bruce, ilikuwa nyembamba na yenye kupindapinda, ikifuata umbo la mlima. Ukiitazama leo unaona kwamba ni msitu uliopunguzwa kidogo tu. Mwaka uliofuata, huko Woodstock, watu waliunganisha injini ya gari la Ford na kamba ndefu, na hiyo ikawa lifti ya kwanza ya kamba nchini Marekani. Kabla ya kamba ulipanda kwa miguu yako saa nzima ili ushuke dakika kumi. Baada ya kamba ulishuka mara nyingi kwa siku, na mteremko ulioshukwa mara nyingi na watu wengi unaanza kuwa mgumu.

Hapo ndipo anapoingia Howard Head. Alikuwa mhandisi wa ndege katika kampuni ya Glenn L. Martin huko Baltimore. Mwaka 1947 alikuja Stowe, chini ya Mansfield, kujaribu skii, akaanguka siku kutwa, na akiwa kwenye treni ya kurudi akaanza kuzilaumu mbao. Lawama ya namna hiyo naisikia kila Jumamosi dukani. Tofauti ni kwamba Head alikuwa na haki, na alikuwa na zana. Ndege hazikuwa zikitengenezwa tena kwa mbao, kwa nini skii? Akabandika alumini juu na chini, katikati akaweka kitu chepesi, akawapelekea waalimu wa Vermont. Jozi za mwanzo zilivunjika zote. Akatengeneza nyingine, zikavunjika. Aliendelea hivyo kwa miaka mitatu, akibadilisha gundi, kiini, unene, na waalimu wakimrudishia vipande, mpaka mwaka 1950 alipopata alichokiita Standard: plaiwudi katikati, alumini pande mbili, plastiki chini, na makali ya chuma ya kipande kimoja kirefu badala ya vile vipande vya Lettner. Bei yake ilikuwa dola 85. Wakongwe waliziita skii za udanganyifu, kwani zilimwezesha mtu wa kawaida kukata kona ambayo wao waliisotea miaka.

Nampenda Head kwa sababu ya hizo jozi zilizovunjika. Wapo wahandisi wengi wenye wazo moja zuri. Wachache wana subira ya kupokea vipande vyao wenyewe kwa posta.

Wenzake wa Connecticut walichukua njia nyingine. Wayne Pierce na wenzake wawili walikuwa na kampuni ya Tey, nayo ikitengeneza skii zenye alumini. Majira ya baridi ya 1949 kuingia 1950 yalikuja bila theluji, na skii hazikununuliwa. Wakachukua kompresa ya kupulizia rangi, mpira wa kumwagilia bustani na pua ya kunyunyizia, wakapuliza maji hewani usiku wa baridi, yakaanguka yakiwa theluji. Hiyo ndiyo mashine ya kwanza ya theluji. Watengenezaji wa skii walikosa theluji ya kufaa bidhaa yao, basi wakaitengeneza na theluji. Miaka hiyohiyo ya 1950, huko Winter Park, Colorado, Steve Bradley alibuni chombo cha kukokotwa kinachokata matuta ya theluji na kuyasawazisha. Mteja akaanza kudai kuukuta mlima umeandaliwa kila asubuhi, na hajaacha kudai mpaka leo.

Sasa tazama kilichotokea kwa skii. Mlima uliosawazishwa unatoa mwendo wa kasi, na kasi inataka ubao mrefu usiotikisika. Theluji ngumu haimezi mtu, kwa hiyo upana hauna kazi. Ubao mwembamba unahama upesi kutoka ukali mmoja hadi mwingine. Mwaka 1960 Mfaransa Jean Vuarnet alishinda Olimpiki ya Squaw Valley kwenye mshuko wa kasi akiwa na skii za chuma, na baada yake faiba ikaja kuchukua nafasi ya alumini katika skii nyingi. Lakini umbo halikubadilika kwa kitambo kirefu. Skii zote zilifuata zile za mashindano: milimita 65 kiunoni, pungufu au zaidi kidogo, mchongo wa ubavuni usiozidi milimita chache. Katika miaka ya 1980 mwanamume mwenye kujiheshimu alinunua sentimita 203 au 207, hata kama hajui kuzitumia. Urefu ulikuwa cheo. Bado tunaletewa jozi hizo kutoka kwenye maghala ya wafu, watoto wao wakitaka kujua kama zina thamani. Naweza kuwaambia kwamba zinafaa kutengenezea viti vya bustani.

Na theluji ya mwituni? Skii nyembamba kwenye theluji nzito ni kisu kwenye ugali, inaingia vizuri lakini haitoki. Waliobaki msituni miaka ile walikuwa wachache wenye miguu ya chuma, nao walijifunza kuruka na skii zote mbili ili kugeuka, kwa sababu kuzilaza hakukuwezekana. Vermont walikuwapo. Mad River Glen, yenye lifti ya kiti kimoja kimoja tangu mwaka 1948, iliendelea kuacha njia zake nyembamba na theluji yake kama ilivyo, na mwaka 1995 ikanunuliwa na watelezaji wenyewe wakiwa ushirika.

Mabadiliko yalitoka pande mbili, na zote mbili zilichungulia ubao mmoja mpana wa vijana, snoubodi, ambao wakubwa waliudharau. Ubao ule ulikuwa na kiuno kilichochongwa kwa kina na ulielea kwenye theluji laini. Mwaka 1988 Rupert Huber wa kiwanda cha Atomic, Austria, aliipasua snoubodi katikati kwa urefu wake, akapata skii mbili. Kutoka hapo ikaja Powder Plus, ambayo watu waliicheka kwa upana wake. Waongozaji wa British Columbia, wanaopeleka wateja milimani kwa helikopta, hawakucheka muda mrefu. Mteja mwenye hela na miguu ya wastani, ambaye zamani alichoka kabla ya saa sita, sasa aliteleza mpaka jioni.

Upande wa pili ni Begunje, kijiji cha Slovenia, kwenye kiwanda cha Elan. Wahandisi Jurij Franko na Pavel Škofic (huyu Franko si yule Jure Franko aliyechukua medali ya fedha Sarajevo mwaka 1984) walichukua mchongo wa ubavuni wa milimita kama saba na kuupeleka zaidi ya milimita 20. Mwaka 1993 skii hiyo, SCX, ikaanza kuuzwa. Ni Norheim huyo amerudi, amefanyiwa hesabu. Mafundi wa kale walijua kwamba kiuno kinakata kona. Wasichokuwa nacho ni faiba na gundi za kuzuia ubao uliochongwa sana usijisokote kama mbao mbichi. Franko na Škofic walikuwa navyo. Ndani ya miaka michache hapakuwa na kiwanda kilichothubutu kuuza zile zilizonyooka, na urefu ukashuka sentimita 20 hadi 30 kwa mkupuo. Wakongwe walilia. Na hii nayo waliita udanganyifu.

Lakini SCX ilikuwa bado skii ya mlima uliosawazishwa. Kwenye msitu mchongo mkubwa una hila: pua pana inashika theluji isiyo sawa na kukuvuta usikotaka kwenda. Aliyeliona hilo kwa uwazi kuliko wote ni Shane McConkey, mtelezaji wa California mwenye vichekesho vingi na woga kidogo. Mwaka 1996, katika baa ya Las Leñas, Argentina, alichora kwenye karatasi ya kufutia mdomo skii iliyo kinyume cha zote: pana katikati na nyembamba puani na mkiani, na badala ya upinde wa kuinuka katikati, pua na mkia ndivyo vinainuka. Wenzake walimcheka. Mwaka 2001, huko Alaska, alifunga vifungio vyake kwenye skii za majini, zile za kuvutwa na boti, akashuka nazo mlima mrefu wa theluji laini. Kampuni ya Volant ikakubali kutengeneza, na Spatula ikauzwa kuanzia 2002, ikiwa na milimita 125 pale penye upana mkubwa kuliko pote. Hoja ya McConkey ilikuwa nyepesi: theluji laini ni jirani wa maji kuliko wa barafu, na hakuna anayejenga mtumbwi wenye kiuno chembamba. McConkey alikufa Machi 2009 katika milima ya Dolomiti, Italia, akiruka kutoka kwenye genge kwa skii na parachuti.

Spatula kwenye barafu ya Vermont ni balaa. Haina pa kushika. Nimeinoa moja, ya mkusanyaji wa vitu vya kale, na hata jiliwa halikujua kuibana vizuri. Lakini ndani ya miaka minane hivi karibu kila kiwanda kiliiba robo ya wazo lake: pua iliyoinuliwa mapema, mkia ulioinuliwa kidogo, na chini ya mguu upinde wa zamani ubaki. Hapo ndipo skii ya mlima mzima ya leo ilipopatikana. Kiuno cha Norheim, makali ya Lettner, tabaka za Head, upana wa Huber, pua ya McConkey. Hata neno titanali, ambalo wauzaji hulitamka kwa heshima na kuongeza bei, ni kizazi cha Head: aloi ya alumini ya kiwanda cha Ranshofen, Austria. Usidhani kuna titani ya kutosha humo.

Hivi karibuni kijana mmoja alikuja karakana, mzaliwa wa Bukavu, anaishi Winooski ambako Wakongo ni wengi kiasi kwamba Kiswahili unakisikia kwenye basi. Alifundishwa skii shuleni na sasa alitaka jozi yake mwenyewe.

"Mzee," akaniambia, "mi nataka moja tu. Ya barafu na ya pori."

"Pori kiasi gani, mdogo wangu?"

"Kila siku kama pori iko wazi."

Nikampeleka ukutani. Nilimwambia aachane na zilizo chini ya milimita 88; zitamfurahisha asubuhi na kumtesa mchana. Aachane pia na zilizo juu ya 105, ambazo wenzake watamshawishi achukue baada ya kuona video za Japani. Upana huo unafaa theluji ya magotini, na kwenye barafu unamlazimisha mtu kuinamisha goti kwa nguvu ili ukali uume, maana ukali umekaa mbali na kiatu. Kwa Vermont, kati ya 92 na 98. Pua iliyoinuliwa, ndiyo, kwa sababu msituni pua inayozama inakutupa. Mkia usiinuke sana, ili kwenye barafu pawe na kitu cha kushikilia. Bamba moja la titanali chini ya mguu linatosha. Mawili, puani hadi mkiani, ni ya mtu mzito mwenye kasi, na katikati ya miti hakuna kasi ya namna hiyo isipokuwa kwa mwenye haraka ya kufika hospitali. Urefu: ifike puani kwake au kwenye paji la uso, isimzidi. Zdarsky angekubali.

Halafu nikamwambia yale ambayo hayaandikwi kwenye lebo. Pori nyingi zinazoonekana wazi ni za mtu au za serikali, na kuna waliozifungua kwa msumeno wakati wa kiangazi bila ruhusa. Mwaka 2007 wawili walikata ukanda mrefu wa miti kwenye mlima wa Big Jay, ndani ya msitu wa jimbo, wakaishia mahakamani. Asifuate njia kwa kuwa tu ipo. Kwenye misonobari yenye matawi ya chini, theluji haijai kuzunguka shina, na chini ya matawi kuna shimo; anayeanguka humo kichwa chini hawezi kujitoa. Hilo huua watu zaidi kule magharibi, British Columbia na Washington, ambako theluji ni ya kina, lakini na huku baada ya dhoruba mbili mfululizo mashimo yapo. Wawe wawili, waonane, na kamba za fimbo asizivae mkononi akiwa msituni.

Nilimpa jozi ya milimita 94, sentimita 172, iliyotumika misimu miwili, nikamtolea makali kidogo puani kwa tupa ili isishike ovyo kwenye theluji iliyokanyagwa. Akaikunja, akaipiga kwa kifundo cha kidole asikilize, akaigeuza kuangalia viraka vya chini. Kisha akauliza bei, na ilipotajwa akaanza kupunguza kwa namna ya Bukavu, taratibu, akisifu kwanza ufundi wangu.